Broome hadi Kununurra: nenda taratibu, fuata maji

Wengi wanaopanga safari ya Kimberley, kaskazini-magharibi mwa Australia, huanza na ramani. Barabara kuu kutoka Broome hadi Kununurra ni kama kilomita 1,040, lami mwanzo mwisho, na dereva mwenye haraka huimaliza kwa siku mbili. Mimi ni mwanajiolojia, kazi yangu imenizungusha sana katika jimbo hili, na kila ndugu anayeniuliza humwambia hivi: tafuta kwanza jedwali la maji kupwa na kujaa, kisha kalenda ya mvua. Ramani ije mwisho. Karibu kila utakachosimama kukitazama njiani kimefanywa na maji, hata kule ambako bahari iko mamia ya kilomita.

Anzia Broome, na usiondoke upesi. Aliyekulia Pwani anaijua bamvua. Zanzibar tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua ni mita nne hivi. Broome hufika mita tisa hadi kumi, na Derby, mji unaofuata, hukaribia 12, tofauti kubwa kuliko popote Australia. Sababu iko chini ya maji. Sakafu ya bahari upande huu ni pana na haina kina, kwa hiyo wimbi la maji kujaa likitoka kilindini hubanwa na kunyanyuka. Derby iko ndani kabisa ya ghuba, ambako maji hayo hubanwa zaidi.

Maji yakikupwa sana, shuka kwenye miamba ya Gantheaume Point, ambayo wenyeji Wayawuru huiita Minyirr. Humo mna nyayo za dinosaria walizokanyaga kwenye mchanga mbichi yapata miaka milioni 130 iliyopita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu pwani iliyo kaskazini ya mji ulitambua aina 21 za nyayo, mojawapo ikiwa na urefu wa mita 1.7. Sisi tuna Tendaguru kule Lindi, ambako mifupa ilifukuliwa ikapelekwa Berlin. Hapa hakuna mifupa ya maana, lakini nyayo zimebaki pale pale zilipokanyagwa, na bahari huzifunika na kuzifunua.

Pitia pia makaburi ya Wajapani. Zaidi ya 900 wamezikwa pale, wengi wao wapiga mbizi waliokuja kutafuta chaza, zama ambazo vifungo vya mashati ya Ulaya vilitokana na kombe lake. Waliuawa na vimbunga na ugonjwa wa kupanda juu haraka kutoka kilindini. Sehemu kubwa ya utajiri wa zamani wa mji huu ilitoka kwao.

Njia ya kuelekea Derby ni fupi, kilomita 220 hivi, na njiani utakutana na mibuyu. Australia ina aina moja tu, Adansonia gregorii. Madagaska ina sita, na wetu wa Afrika ni Adansonia digitata. Watu hupenda kusema mibuyu ilitenganishwa na kupasuka kwa bara la kale la Gondwana. Vinasaba vinakataa: ilitengana baadaye sana, bahari ikiwa tayari katikati, na utafiti wa mwaka 2024 unaelekeza asili yake Madagaska, mbegu zikisafirishwa na mikondo ya bahari. Nje kidogo ya Derby uko ule unaoitwa Mbuyu wa Gereza. Kwamba wafungwa walifungiwa ndani yake, wanahistoria hawajapata ushahidi. Kwamba wenyeji walitembezwa hadi Derby wakiwa na minyororo shingoni, hilo ni kweli. Mti wenyewe ni mahali patakatifu, kwa hiyo kaa nje ya uzio.

Kutoka Derby, kama gari lako linavuta magurudumu yote manne, achana na lami. Shika Gibb River Road, kisha kata kusini kwenda Bandilngan, ambako ramani za zamani huandika Windjana Gorge. Mahali hapa ningependa upape siku nzima. Ukuta wa chokaa unaonyanyuka kwenye tambarare ni mwamba uliojengwa na viumbe wa bahari ya miaka kama milioni 370 iliyopita, na mto Lennard umeukata katikati. Tazama tabaka. Yaliyolala sawasawa ni matope ya wangwa uliotulia nyuma ya mwamba. Sehemu isiyo na tabaka ni mwamba wenyewe, uliojengwa hasa na viumbe wa jamii ya sifongo pamoja na mwani, si matumbawe tunayoyaona Mafia. Yaliyoinama ni vifusi vilivyoporomoka kuelekea kilindini. Yaani unatembea kwa miguu kutoka ufukweni hadi bahari kuu, na viatu havilowi.

Mbele kidogo ni pango la Dimalurru, maficho ya Jandamarra, mpiganaji wa Wabunuba aliyepinga kunyang'anywa ardhi hadi alipouawa hapo mwaka 1897. Karibu na Fitzroy Crossing, kwenye malisho ya Gogo, kumepatikana visukuku vya samaki wa kale wenye deraya, vilivyohifadhiwa bila kubanwa. Mmoja wao, aliyetangazwa mwaka 2008, ana kiinitete na kitovu chake tumboni: ushahidi wa kale sana wa mnyama mwenye uti wa mgongo kuzaa badala ya kutaga.

Sasa kalenda. Mvua ni Novemba hadi Aprili, na si mvua za kuvumilia. Januari 2023 mto Fitzroy ulipanda karibu mita 16 ukabomoa daraja la Fitzroy Crossing. Jipya lilifunguliwa Desemba mwaka huo huo. Barabara za vumbi hufungwa kwa miezi. Nenda kati ya Mei na Agosti.

Wanaendesha kushoto kama sisi, lakini kuna malori yenye matela matatu, mita 53.5 kwa jumla. Usiyapite mpaka uone mbele kweupe kabisa. Jua likizama, simama: ng'ombe na kangaruu hulala barabarani. Jaza tangi kila mji, kwani kutoka Fitzroy Crossing hadi Halls Creek ni karibu kilomita 290. Na usioge mtoni bila kuuliza wenyeji kuhusu mamba.

Baada ya Halls Creek kuna kona ya kuingia hifadhi ya Purnululu, urithi wa dunia tangu 2003. Kilomita 53 za vumbi na vijito, saa mbili au zaidi. Vilima vyake vya mviringo ni mchanga uliomwagwa na mito ya enzi zile zile mwamba wa Bandilngan ulipokuwa ukijengwa baharini. Mistari ya rangi inaelezeka: tabaka zenye udongo wa mfinyanzi hushika unyevu, bakteria wakaota wakazifanya kijivu cheusi, zinazokauka haraka zimepata kutu ya chuma, zikawa rangi ya chungwa. Ngozi hiyo nyembamba ndiyo inayoushikilia mchanga wa ndani, ambao ni dhaifu kiasi cha kumomonyoka kwa kidole. Basi pita kwenye njia na makorongo makavu, usipande vilima.