Mita ya LUKU haijui bei: kwa nini uniti hupungua mwanzo wa mwezi

Kila mwezi unapoanza, madirisha ya huduma ya shirika letu la umeme, TANESCO, hujaa lalamiko moja: “Wiki iliyopita elfu kumi ilinipa uniti 28, leo elfu kumi ile ile imenipa 23. Mita imechezewa.” Wengine huongeza kwamba ukinunua usiku unapata nyingi, au kwamba mtandao fulani wa simu unapunja. Hakuna saa yenye bei nafuu kwa mteja wa majumbani wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, na bei ya uniti ni ileile popote unaponunulia.

Mita yako haijui shilingi. Tokeni, ile namba ya tarakimu 20 unayoingiza kwenye mita, hubeba idadi ya uniti, na hesabu yote ya fedha huwa imekwisha kwenye mfumo wa mauzo kabla hujaingiza tarakimu ya kwanza. Kwa hiyo swali la bei hujibiwa na risiti, na swali la mita hujibiwa kwa kuipima mita. Anayekuja kudai abadilishiwe mita kwa sababu ya bei atabadilishiwa, na mwezi ujao atarudi na lalamiko lilelile.

Tuanze na risiti. Mteja wa daraja la bei la T1, ambako nyumba nyingi na maduka madogo yamo, analipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Bei hiyo ya msingi ni ya tangu Aprili 2016. Juu yake kuna VAT (kodi ya ongezeko la thamani) asilimia 18, tozo ya REA (Wakala wa Nishati Vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji) asilimia 1, jumla asilimia 22. Uniti moja inafika shilingi 356.24. Gawanya 10,000 kwa 356.24 utapata uniti 28.07. Ujumbe wa simu unaonyesha mgawanyo huo wazi: umeme 8,196.72, VAT 1,475.41, REA 245.90, EWURA 81.97. Ukijumlisha unarudi kwenye 10,000 yako bila senti kupotea.

Zile uniti 23 zinatokana na kodi ya majengo, ambayo inakusanywa kupitia LUKU tangu Agosti 2021. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Kwa ghorofa lililo mjini ni 7,500 kwa kila sakafu. Hukatwa mara moja kwa mwezi, katika manunuzi ya kwanza. Toa 1,500 kwenye 10,000, inabaki 8,500, ambayo ni uniti 23.86. Ukinunua tena siku hiyohiyo utapata 28, na hapo ndipo uvumi wa “saa nzuri ya kununua” ulipozaliwa. Usiponunua umeme miezi mitatu kodi haisahauliki: inalimbikizwa, na siku ya kununua mfumo unakata 4,500. Angalia mstari wa makato ya deni kwenye ujumbe kabla ya kupanga foleni.

Kodi hii ni ya mwenye jengo. Mpangaji anayekatwa atunze risiti na wapatane na mwenye nyumba irudishwe kwenye pango. Jengo moja likiwa na mita kadhaa, linapaswa kukatwa kwa mita moja tu. Ukikuta mbili zinakatwa, orodhesha namba za mita zote zilizomo, zenye tarakimu 11 kila moja, beba risiti za mwezi mmoja za kila mita na uombe marekebisho. Wenye msamaha wa kisheria nao wanapaswa kuwasilisha maombi, mfumo hautambui umri wa mtu. Mfanyakazi wa dirisha la umeme hana mamlaka ya kufuta kodi, hata ukimpigia kelele.

Daraja la D1 nalo lina malalamiko yake. Ni la nyumba yenye matumizi madogo: shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila uniti inayozidi. Pamoja na kodi na tozo ni 122 na 427. Mwenye D1 akitoa 10,000 mwanzo wa mwezi bila makato mengine, uniti 75 za kwanza zinamgharimu 9,150. Salio la 850 linampa uniti mbili kasoro. Hajaibiwa, amevuka kikomo. Atulie hadi mwezi ujao, kwani kinachohesabiwa ni manunuzi ya mwezi wa kalenda. Uniti ulizokwisha kuingiza haziishi muda. Zinaweza kukaa kwenye mita mwaka mzima. Nyumba yenye wapangaji sita kwenye mita moja isitegemee D1: matumizi yao yanajumlishwa, na mita haihesabu vyumba.

Tangu Bwawa la Julius Nyerere likamilike na mashine zake tisa zenye megawati 2,115, tunaulizwa kwa nini bei haikushuka siku ileile. Kuzalisha ni sehemu moja ya gharama. Kuna njia za kusafirisha, transfoma, nguzo na umeme unaopotea njiani. Bei hupangwa na EWURA baada ya maombi na kusikiliza wadau, kwa hiyo haishuki kwa sababu mashine imewashwa.

Sasa mita yenyewe. Wapo ambao bado wanaingiza tokeni na mita inakataa, hasa kwenye nyumba zilizofungwa muda mrefu. Mita za aina hii duniani kote, Kenya na Afrika Kusini zikiwamo, hutambua kila tokeni kwa kuhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi ya kuhesabia ilikuwa na ukomo wa dakika 16,777,216, nazo ziliisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuboreshwa haiwezi kupokea tokeni mpya. Hakukuwa na njama ya kufuta uniti za watu. Salio lililomo hubaki.

Utaratibu ni huu. Kama una tokeni ya zamani hujaitumia, na mita bado inaipokea, iingize kwanza, kwa sababu baada ya maboresho itakataliwa moja kwa moja. Kisha nunua umeme kama kawaida. Utapokea makundi matatu ya tarakimu 20. Ingiza la kwanza, bonyeza kitufe cha kukubali, subiri mita ikubali. Ingiza la pili vivyo hivyo. Mawili haya hubadilisha ufunguo wa siri wa mita na hayaongezi uniti, kwa hiyo usiogope salio lisipopanda. La tatu ndilo lenye uniti. Wanaoanza na la tatu ndio wanaosema mita mbovu. Mita yenye rimoti inahitaji betri nzima. Betri dhaifu hukata mawasiliano katikati na kukulazimu kuanza upya. Kazi hii hufanywa mara moja, na ukomo mwingine wa hesabu ni Novemba 2045.

Ukiamini kweli kwamba mita inakimbia, ipime. Soma usoni pake, utakuta andiko kama 1000 imp/kWh: taa ndogo hupepesa mara 1,000 kwa kila uniti. Zima kila kitu, acha birika la umeme la wati 2,000 peke yake, hesabu kwa dakika mbili. Inapaswa kupepesa mara 66 au 67. Usitumie pasi, kwani hujikata na kujiwasha yenyewe. Umeme ukiwa mdogo, tuseme volti 200 badala ya 230, birika hilo linavuta wati kama 1,500 tu na hesabu itashuka kuwa 50. Hesabu ikizidi sana 67 wakati umeme haujapanda, hapo una hoja.

Kisha chomoa vifaa vyote ukiacha swichi kuu imewashwa. Taa ikiendelea kupepesa, kuna uvujaji kwenye nyaya zako au kuna jirani aliyejiunganisha. Zima swichi kuu: ikiacha kupepesa, tatizo liko ndani ya nyumba, tafuta fundi mwenye leseni. Ikiendelea, tatizo liko kwenye mita au kati ya mita na swichi kuu, na hapo ni kazi yetu.

Usifungue kifuniko cha mita kujiangalizia. Mita nyingi hujifunga zenyewe kifuniko kikiguswa, umeme unakatika, na hazifunguki bila tokeni maalumu baada ya ukaguzi. Kuchezea mita ni kosa chini ya Sheria ya Umeme, Sura ya 131, na mkaguzi akikuta lakiri imevunjwa ataandika alichokikuta. Maelezo kwamba fundi wa mtaani ndiye aliyefungua hayamwondolei mteja wajibu. Anayekuuzia “tokeni za nusu bei” ni tapeli: tokeni halali hutengenezwa kwa namba ya mita moja na haifanyi kazi kwenye nyingine.

Ukija kulalamika, njoo na namba ya mita, risiti tatu za karibuni na matokeo ya kipimo cha birika: muda uliohesabu, idadi ya mapepeso na wati zilizoandikwa chini ya birika. Kama ulikosea namba ya mita wakati wa kununua, njoo siku hiyohiyo. Tokeni ikishaingizwa kwenye mita ya mtu mwingine, uniti hizo hazirudi.