Maana ya mzigo wa uchafu katika maji taka ya viwanda vya chakula

Mzigo wa uchafu ni uzito wa uchafu unaotoka na maji taka ya kiwanda kwa kipindi fulani. Mara nyingi hutajwa kwa kilo kwa siku. Asiyeielewa dhana hii anaweza kukisifu kiwanda kinachochafua na kukilaumu kile kinachojitahidi.

Katika viwanda vya kusindika vyakula, sehemu kubwa ya uchafu huo ni chakula chenyewe: maziwa, damu, wanga, sukari, mafuta, vipande vya matunda. Wengi hudhani kitu kinacholiwa hakiwezi kuudhuru mto. Kinaudhuru, tena haraka. Bakteria walio majini hukivamia chakula hicho, huzaliana kwa kasi, na wakati wa kukila hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini ambayo samaki na wadudu wa mtoni wanaitegemea. Hapo samaki hawafi kwa sumu, bali kwa kukosa pumzi.

Ndiyo maana uchafu wa aina hii hupimwa kwa oksijeni. Kipimo kinachojulikana zaidi huitwa BOD (kifupi cha Kiingereza cha "biochemical oxygen demand"), yaani kiasi cha oksijeni ambacho bakteria wanahitaji ili kuula uchafu huo. Sampuli ya maji taka huchanganywa na maji safi yenye oksijeni ya kutosha, hufungwa ndani ya chupa na kuwekwa gizani kwenye nyuzi 20 za Selsiasi kwa siku 5, kisha huangaliwa oksijeni imepungua kiasi gani. Jibu hutolewa kwa miligramu za oksijeni kwa kila lita ya maji taka.

Maji taka ya majumbani kwa kawaida huwa na BOD ya miligramu 200 hadi 300 hivi kwa lita. Maziwa halisi hufika karibu 100,000, na damu hupita hapo. Sasa piga hesabu. Maji ya mto yenye joto la nyuzi 20 hubeba miligramu 9 tu hivi za oksijeni kwa lita, kwa hiyo kuozesha lita moja ya maziwa kunataka oksijeni yote iliyomo katika lita 11,000 za maji hayo. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya maji taka ya mijini ya mwaka 1991, humhesabia mtu mmoja gramu 60 za BOD kwa siku. Lita 100 za maziwa zilizobaki kwenye mabomba na kusukumiwa mferejini zina kama kilo 10, yaani uchafu wa siku nzima wa watu zaidi ya 160.

Wengi huchanganya mzigo na ukali. Ukali ni kiasi cha uchafu ndani ya lita moja. Mzigo ni ukali huo mara wingi wa maji. Tuseme kiwanda kinatoa lita 100,000 kwa siku zenye BOD ya miligramu 2,000 kwa lita. Mzigo wake ni kilo 200. Kikipunguza maji hadi nusu bila kugusa kingine chochote, ukali unapanda hadi 4,000 na mzigo unabaki kilo 200 zilezile. Mkaguzi anayeangalia ukali peke yake ataandika kwamba hali imeharibika. Kiwanda jirani kinachofungulia maji safi yachanganyike na maji taka kitaonekana chema, ilhali mto unapokea kilo zilezile na maji mazuri yamepotea bure. Kwa maoni yangu, kibali kinachotaja miligramu kwa lita bila kutaja kilo kwa siku kinamwalika mtu afanye udanganyifu.

Je, kubana maji hakupunguzi uchafu? Peke yake, hapana. Ila njia bora za kubana maji karibu zote huanza kwa kuzuia chakula kisiyafikie maji.

Ya kwanza haihitaji mtambo wowote. Mabaki yaliyoanguka sakafuni hufagiliwa au kukwanguliwa yakiwa makavu, yakatiwa kwenye chombo chake, ndipo sakafu inaoshwa. Viwanda vingi hufanya kinyume: mfanyakazi hushika mpira wa maji na kusukuma kila kitu hadi mferejini, kwa sababu ni rahisi na bili ya maji haimfikii yeye. Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kipande cha nyama au kiazi kikikaa majini hutoa protini, wanga na sukari, na kilichokwisha kuyeyuka hakinaswi tena na chujio lolote la waya. Dakika zinahesabika hapa. Mabaki yaliyookotwa makavu yanaweza kuwa chakula cha mifugo, lakini yakishalowa na kupita mferejini huwa tope la kulipiwa usafiri.

Kwenye mabomba na matangi, kanuni ni ileile. Bidhaa iliyobaki husukumwa nje kwanza, kwa hewa au kwa kizibo cha mpira kinachopita ndani ya bomba, na huingizwa kwenye pakiti badala ya mfereji. Maji ya suuza ya mwisho, ambayo huwa karibu safi, huhifadhiwa yawe suuza ya kwanza ya awamu inayofuata. Hata ratiba husaidia: mtindi mweupe ukitengenezwa kabla ya ule wenye rangi, kuosha kunapungua.

Usafi una mipaka yake, na haifai kuichezea. Maji yanayogusa chakula lazima yawe na ubora unaokubalika kiafya, kwa hiyo maji yaliyotumika huteremshwa kutoka kazi safi kwenda kazi chafu: ya suuza ya mwisho ya mboga yanaweza kuondoa udongo kwenye mboga zinazoingia, lakini si kinyume chake.

Kinachobaki baada ya hayo ndicho cha kupelekwa kwenye mtambo wa kusafishia, ambako bakteria walewale huachiwa kazi ndani ya tangi badala ya mtoni. Maji machache yenye ukali hufaa zaidi mitambo isiyotumia hewa, ile inayotoa biogesi. Chumvi ndiyo isiyoingia katika hesabu hii. BOD haiioni kabisa, na hakuna bakteria wa kuila, kwa hiyo maji ya kulowekea jibini au samaki hutoka mtamboni na chumvi yake yote. Dawa yake ni kuyatumia tena maji hayo ya chumvi, au kutia chumvi kidogo tangu mwanzo.