Asidi ikikumwagikia maabara: tunayoambizana na ukweli wenyewe

Mi ni fundi wa maabara kwenye shule moja ya sekondari huku Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde. Mwaka jana tukiwa kwenye maandalizi ya praktiko za fomfoo niliacha bika (glasi ya maabara) ndogo ya asidi ya salfyuriki nzito, yaani ile kali ambayo haijazimuliwa kwa maji, kwenye benchi la mbele nikaingia stoo kuchukua silinda ya kupimia, sikukaa hata dakika mbili, na kosa hilo ni langu, asidi nzito haiachwi peke yake. Binti mmoja akaigusa kwa kiwiko wakati anapita, ikapinduka, ikammwagikia mkononi kuanzia juu ya kifundo hadi karibu na kiwiko.

Kilichonitoa stoo haikuwa kilio chake. Ilikuwa sauti ya kijana mmoja, tena yule anayeongoza kemia darasani, anapiga kelele "msimwagie maji, msimwagie maji, italipuka!" Nikatoka nikakuta wenzake wamesimama wamemzunguka, ndoo ya maji iko pale chini ya meza imejaa, na hakuna aliyeigusa.

Nimeifikiria sana siku ile. Wale watoto hawakuwa wazembe, walikuwa wanafuata walichofundishwa, ila walikifuata mahali pasipo pake. Ndo maana naandika haya.

"Asidi haimwagiwi maji."

Hii ndo inayoumiza watu kuliko zote kwa sababu imetoka kwenye kanuni ya kweli. Unapochanganya asidi unamimina asidi kwenye maji, taratibu, huku unakoroga, humimini maji kwenye asidi. Sababu ni kwamba salfyuriki nzito ikikutana na maji inatoa joto kali sana, na asidi yenyewe ni nzito karibu mara mbili ya maji, lita moja ina kilo 1.84, kwahiyo maji ukiyamimina juu yake yanaelea pale juu, yanachemka hapohapo na kurusha matone ya asidi usoni kwako. Sawa kabisa. Lakini hiyo ni kanuni ya kwenye bika.

Kwenye ngozi mambo ni mengine, asidi iliyopo ni kidogo, imetandazwa, na wewe unaleta maji mengi kwa mkupuo. Maji mengi yanaizimua asidi, yanaiondoa na yanaondoka na lile joto. Yanayoleta tabu ni maji kidogo, mfano kitambaa chenye unyevu unachopangusapangusia, hapo kweli joto linatoka na halina pa kwenda. Kwahiyo jibu la hofu ya yule kijana lilikuwa kumwaga ndoo, na kuendelea kumwaga. Asidi haisubiri ufikirie, sekunde zilezile mnazobishana ndo inakula nyama.

Na wakati unamwaga, vua. Vua shati, vua saa, vua viatu kama imefika huko. Binti yetu alikuwa amevaa kibangili cha uzi, vile vya rangirangi wanavyosuka wenyewe bwenini, sikukiona haraka. Uzi ulikuwa umenyonya asidi. Leo mkono wake wote umepona vizuri, ngozi imerudi, ila pale kwenye kifundo kuna kovu linalozunguka kama bangili ileile. Kwa mabinti kuna aibu ya kuvua mbele ya wavulana, naielewa, ndo maana sasa kuna kanga mbili zimetundikwa nyuma ya mlango wa maabara, wavulana wanatolewa nje, wenzake wanamzungushia kanga, maji yanaendelea.

"Kopo moja la maji linatosha."

Huku kwetu hii ina mizizi yake. Uwanda huu hauna mito, watu tumekulia kwenye maji ya mvua yanayokingwa kutoka kwenye bati hadi kisima cha saruji nyuma ya nyumba, mtoto wa Newala au Tandahimba anajua toka mdogo kwamba maji hayachezewi. Sasa mwambie amwage ndoo nzima kwa ajili ya kidole. Atamwaga kopo, atafuta, ataona imetosha.

Haitoshi. Ni dakika 20 za maji yanayotiririka, kwa saa, sio kwa kukadiria, kwa sababu dakika 20 mtu anaumia hazifanani na dakika 20 za kawaida, ukikadiria utaacha kwenye dakika ya nne. Nilikaa nikapiga hesabu kwa shule isiyo na bomba la uhakika kama yetu. Kopo la nusu lita kila baada ya sekunde 10 ni lita 3 kwa dakika, mara dakika 20 ni lita 60. Ndoo 3 za lita 20. Ndoo 3 tu jamani! Hizo hata kiangazi zinapatikana, ila ziwe zimejazwa kabla ya praktiko kuanza, zina vifuniko na kopo juu yake, na mtu asizitumie kuoshea vyombo vya maabara. Maji yawe ya kawaida, barafu hapana.

Jicho nalo hivohivo. Vile vifaa maalumu vya kuoshea macho vinatakiwa kutoa karibu lita moja na nusu kwa dakika kwa dakika 15, ambayo ni kama lita 23, ndoo moja na kidogo. Mlaze mtu kichwa kimeinama upande wa jicho lililoingia asidi, shika kope kwa vidole uzifungue maana mwenyewe hawezi, mimina taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje ili uchafu usiingie jicho la pili, na mwambie azungushe jicho. Atapiga kelele, atakusukuma. Usiache.

"Paka mafuta, paka majivu, weka magadi ikate ukali."

Hapa lazima tuongee kuhusu korosho. Mama yangu alikuwa mbanguaji, viganja vyake vilikuwa vyeusi vyenye mikunjo ya kuungua, kwa sababu ganda la korosho lina mafuta yake makali yanayochubua ngozi, na kila aliyebangua kwa mkono anajua, kabla hujaanza unapaka mafuta au majivu viganjani. Na inasaidia kweli. Kwahiyo akili ya mtu wa kusini ikisikia "kitu kimeunguza mkono" inakwenda moja kwa moja kwenye mafuta na majivu.

Ila angalia kinachofanyika pale. Majivu na mafuta yanapakwa KABLA, yanakuwa kama ukuta kati ya ngozi na yale mafuta ya ganda. Asidi ikishakaa kwenye ngozi ukuta umechelewa, ukipaka mafuta ya nazi juu yake umeifunikia asidi ndani iendelee kula, afu maji ukimwaga yanateleza juu ya mafuta. Dawa ya meno, asali, ute wa yai, hizo zote hadithi ni moja.

Magadi na baikaboneti (ile soda ya kuokea) watu wa kemia ndo wanazipenda, "asidi na besi zinamalizana, si tulisoma?" Tulisoma. Na tulisoma pia kwamba zinapomalizana zinatoa joto. Unaongeza joto kwenye ngozi iliyoungua tayari, unasugua unga kwenye kidonda, na muda uliotumia kutafuta kopo la baikaboneti ulikuwa muda wa maji. Hata wanaotengeneza sabuni mitaani wakimwagikiwa na kostiki, ile soda kali ya sabuni ambayo ni besi, wanakamulia ndimu, kosa lilelile limegeuzwa. Tena kostiki kwenye jicho ni mbaya kuliko asidi za aina nyingi, asidi mara nyingi inagandisha nyama ya juu na gamba hilo linaizuia kidogo kushuka, kostiki inalainisha na kuzama ndani. Maji tu.

Baikaboneti ina kazi yake, kwenye sakafu. Asidi ikimwagika chini toa watu, vaa glavu na miwani ya kinga, nyunyiza kuanzia pembeni ukiingia katikati, subiri povu liishe, ndo ufute. Usimwagie pumba za mbao kama ni asidi ya naitriki, inaweza kuwasha moto.

"Salfyuriki si ndo salfa?"

Swali hili naulizwa kila mwaka na watoto wa wakulima, na sio swali la kijinga. Kila shamba la mikorosho toka Lindi hadi huku linapigwa salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, mtoto ameona baba anarudi shambani njano kuanzia nywele hadi miguu, macho yanawasha, anaoga, kesho anarudi tena. Sasa anaona chupa imeandikwa asidi ya salfyuriki anasema aah, hii naijua.

Huijui mwanangu. Salfa ni unga wa njano, hata kwenye maji hauyeyuki, unawasha macho na kifua lakini hauli ngozi. Asidi ya salfyuriki imetengenezwa kwa kuanzia na hiyo salfa, ikaunganishwa na oksijeni na maji, ikawa kitu kingine kabisa. Haina rangi, inamiminika polepole kama mafuta ya kupikia, ukiidondosha kwenye sukari inageuka mkaa mbele ya macho yako kwa sababu inanyonya maji hadi yaliyo ndani ya sukari yenyewe, na hivo ndo inavyofanya kwenye nyama ya mtu. Ile ya kwenye betri ya bajaji ni hiyohiyo ikiwa imechanganywa na maji, asidi ni kama theluthi moja ya uzito, na bado inatoboa suruali ya fundi na inapofua jicho.

"Hii ni dailuti, haina noma."

Dailuti ni asidi iliyozimuliwa kwa maji. Nusu kweli. Asidi ya haidrokloriki nzito ya kwenye chupa ni kama molari 12 (molari ni kipimo cha ukali wa mchanganyiko), ya taitresheni, lile zoezi la kupima asidi kwa besi, ni 0.1, yaani unachukua kama mililita 8.3 tu za ile nzito, ukichanganya na maji jumla inakuwa lita moja. Tofauti ni mara 120, na ngozi isiyo na kidonda ikipata tone la dailuti ukaosha hupati kitu. Lakini jicho halijui dailuti. Na salfyuriki dailuti ikidondokea sketi maji yake yanakauka, asidi haikauki, inabaki inazidi kuwa kali kidogokidogo ndani ya kitambaa, ndo maana mtu anafua sare Jumamosi anakuta matundu na hakumbuki alimwagikiwa na nini.

"Haiumi, basi haijaunguza." Hapana, maumivu yanaweza kuchelewa. Naitriki inaacha doa la njano kwenye ngozi ambalo halitoki kwa sabuni, hilo sio rangi, ni ngozi yenyewe imebadilika. Na mvuke wake wa kahawia ukiuvuta unaweza kujisikia mzima ukarudi nyumbani, afu usiku kifua kinabana, mapafu yanajaa maji masaa mengi baadaye. Aliyevuta mvuke ule aende hospitali hata kama anacheka. Na leso yenye maji puani usiitegemee kwa mvuke wa asidi, toka nje.

"Akimeza, mtapishe. Mpe maziwa."

Bado kuna shule zinavuta pipeti (mrija wa kupimia) kwa mdomo, na kuna walimu wanaosema mzoefu hamezi. Wazoefu wanameza, ncha ya pipeti ikitoka tu juu ya maji hewa inaingia na kila kitu kinapanda mdomoni kwa mkupuo. Mpira wa kuvutia ni bei ndogo, nunueni.

Akimeza usimtie kidole kooni. Asidi imeunguza koo ikishuka, ukimtapisha inaunguza tena ikipanda, na hapo njiani inaweza kuingia kwenye mapafu. Maziwa kwetu ni dawa ya kila sumu, mtu analazimishwa kunywa jagi zima, kinachofuata ni kutapika, tumerudi palepale. Baikaboneti ndo kabisa usithubutu, itatengeneza gesi ndani ya tumbo lililoungua. Asukutue mdomo kwa maji na kutema, akae wima, apelekwe hospitali hapohapo, mengine wataamua wao.

Kuhusu kupelekwa. Kwanza dakika zako 20 ndo safari ianze, na kama ni jicho beba dumu la maji kwenye bajaji uendelee kumimina njiani. Ukimaliza kuosha ngozi funika na kitambaa kisafi kikavu, malengelenge usitumbue. Aliye Mtwara mjini atakimbilia hospitali ya Ligula, wa Lindi mjini Sokoine, wa upande wa Masasi Ndanda iko njiani, sisi wa huku hospitali ya wilaya. Popote uendapo andika kwenye karatasi vitu vinne: asidi gani, nzito au dailuti, ilimwagika saa ngapi na umeosha kwa muda gani. Chupa yenyewe usiibebe kwenye bajaji, piga picha lebo kwa simu. Siku ile mi nilifika na mgonjwa, daktari akaniuliza asidi gani, molari ngapi, mwalimu aliyenisindikiza akajibu "ile kali". Nilikumbuka namba kwa sababu asubuhi hiyo mwenyewe ndo niliyefungua chupa.