“Hii ni ya Majaribio, Mwalimu”

Jumamosi iliyopita nimeisikia tena. Kijana ametundika ukutani chapa nne za sayanotaipu, zile picha za buluu zinazochapwa kwa kulaza jani au negativu juu ya karatasi iliyopakwa dawa na kuianika juani; tumesimama mbele yake watu tisa na vikombe vya chai mkononi. Mmoja akauliza kwa nini kona ya chini ya chapa ya tatu imepauka. Jibu likaja kabla swali halijafika mwisho: “Hii ni ya majaribio.” Kimya. Watu wakanywa chai. Kikao kikafia hapo, maana sentensi hiyo ikishatamkwa hakuna anayejua aseme nini.

Nimeendesha vikao vya kukosoana picha hapa Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kujua nani ataisema, na ataisema lini. Kwa hiyo naanza na hiyo. Nyingine zitafuata kadiri uvumilivu wangu utakavyoruhusu.

“Picha ya majaribio haikosolewi”

Neno lenyewe linakataa. Unapojaribu, unajaribu jambo fulani, na jambo hilo linaweza kushindikana. Aliyepika pilau kwa mara ya kwanza akaiunguza hatuambii kwamba harufu ya moshi ni mtazamo wake. Lakini mpigapicha akishatia neno “majaribio” mbele ya kazi yake, anataka tule tu, tena tusifie.

Kinachobadilika ni kipimo. Picha ya harusi ina vipimo vyake vinavyojulikana: bibi harusi anaonekana, shela haikuungua kwa mwanga, mama mkwe hajakatwa kichwa. Picha ya majaribio inapimwa kwa swali iliyojiuliza yenyewe. Ndiyo maana mtu akinitundikia chapa namuuliza mambo matatu: ulibadilisha nini, ulirudia mara ngapi, na zipi ulizitupa. Asiyekuwa na jibu la tatu kwa kawaida hana jibu la mawili ya kwanza pia. Aliyeanika karatasi yake dakika sita juani mara moja tu, akaiosha na kuileta, bado hajajaribu kitu. Amebahatisha. Nami nikisema “nzuri” au “mbaya” nitakuwa nimebahatisha kama yeye.

Turudi kwenye ile kona. Kijana alikuwa na maelezo marefu kuhusu kumbukumbu zinavyofifia, kuhusu bibi yake aliyefariki na nyumba yao ya zamani. Sikubishana naye juu ya bibi. Nilimuuliza aliosha wapi zile chapa. Akasema nyumbani, kwenye beseni. Beseni gani? La kufulia.

Basi. Buluu ya sayanotaipu, ambayo mwanasayansi Mwingereza John Herschel aliipata mwaka 1842 kwa chumvi za chuma, haina ugomvi na maji safi wala tone la siki, lakini alkali huila. Sabuni ya unga ina alkali. Masalia ya povu yaliyobaki kwenye beseni ndiyo yaliyoila kona, na bibi wa watu hakuhusika.

Alinuna. Wenzake waliniangalia kama nimemtukana marehemu. Nami sikuwa nimesema picha ni mbaya hata mara moja. Nilisema kilichotokea, kwa sababu jambo ambalo chanzo chake unakijua unaweza kuliita tena, kwa kiasi unachotaka, mahali unapotaka. Magadi, haya haya ya kulainishia maharage, hufanya kazi ile ile ya sabuni, tena kwa utaratibu: buluu inapauka taratibu kuelekea njano huku unaitazama, na unaitoa unapoamua. Ukiilaza kisha kwenye chai ya rangi iliyokolea, tanini hushikana na chuma kilichobaki kwenye karatasi na chapa inageuka kahawia, pengine karibu na nyeusi. Kumbukumbu inayofifia, kama ndiyo unayoitafuta, iko humo. Ila wewe ndiye utakayeamua ianze kufifia wapi. Beseni lisikuamulie.

Hapo wanafunzi wangu hunijibu kwa hadithi ya panya. Wote wanaijua, sijui nani anawafundisha. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Paris, katika chumba cha giza cha kusafishia picha cha msanii Man Ray, mpigapicha mwenzake Lee Miller alihisi kitu kinampitia mguuni, akashtuka akawasha taa huku negativu zikiwa bado kwenye dawa. Mwanga ule uliacha mstari kuzunguka mwili wa mwanamke aliyepigwa picha, na hapo wakapata ile sura ya ajabu tunayoiita solarisesheni. Miller aliisimulia mwenyewe. “Unaona mwalimu? Kosa tu!” Naona. Naona pia sehemu ambayo hawaisimulii: Man Ray na Miller waliirudia ajali ile mpaka wakaweza kuitengeneza kwa makusudi, picha baada ya picha. Panya alifanya kazi usiku mmoja. Tena athari yenyewe ilikuwa imeshaelezwa na wapigapicha tangu karne ya 19, ikihesabiwa kuwa hitilafu.

“Picha iliyotikisika ni picha mbovu”

Hawa ni wale wa upande wa pili, na wananichosha karibu sawa na wa kwanza. Wanakuja na vipimo vya harusi kwenye kazi isiyo ya harusi: haina fokasi, imejaa chembe, upeo wa bahari umelala upande. Huko ni kumlaumu pweza kwa kukosa mifupa.

Mwaka 1968, Tokyo, jarida la Provoke lilianza kuchapisha picha za aina hiyo za wapigapicha kama Takuma Nakahira na, tangu toleo la pili, Daido Moriyama: chembe kubwa, mtikisiko, ukungu. Ukisema mbele ya picha zile kwamba hazina fokasi, umesema ambalo mpigapicha alilijua kabla yako. Ukosoaji wenyewe ulitoka ndani. Mwaka 1973 Nakahira aliikana staili ile iliyompa jina, akachoma sehemu kubwa ya negativu na chapa zake. Hakulalamika kwamba picha hazikuwa kali. Aliona ukungu ule unaubebesha ulimwengu hisia zake yeye, badala ya kuuacha uonekane ulivyo. Hilo ni swali ambalo naweza kumuuliza kijana anayetikisa kamera Kariakoo usiku: mtikisiko huu unanionyesha Kariakoo, au unanionyesha wewe? Jibu lolote linafaa, mradi liwe moja.

“Sifa huharibu msanii”

Na mgema hutajwa papo hapo, eti akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo imekuwa kufuli midomoni mwa watu wachoyo. Kinacholeta maji ni sifa isiyo na anwani: “kali sana”, “moto”, “umeupiga mwingi”. Mpigapicha ataondoka nayo na hatajua arudie nini kesho. Sifa yenye anwani husikika hivi: “Hapa jani la mwembe lilipoinuka kidogo juu ya karatasi, ukingo umelainika, na nimeona jani lina unene, pale lilipogusa karatasi limekuwa bapa kama stempu.” Amepewa kitu cha kwenda nacho. Wakosoaji wabahili huwa hawajui kwamba kuona kilichofanikiwa ni kazi ngumu kuliko kuona kilichoharibika.

Upande wa pili yupo anayetamba kwamba yeye “hana unafiki”, ukweli lazima uume. Mara nyingi mtu huyo anaongea dakika kumi na hakuna hata moja inayohusu picha.

“Lazima nieleze kwanza ndiyo muelewe”

Hapana. Kwenye vikao vyangu mwenye kazi hukaa kimya dakika tano za mwanzo, na watazamaji husema wanachokiona tu: kuna doa, kuna mkono, juu kuna weupe. Watu hulalamika kwamba ni utoto. Lakini ukishawatajia bibi, wote watamwona bibi, hata kwenye doa la sabuni. Umejiharibia ushahidi mwenyewe. Eleza baadaye, ujue ni kipi kilichofika bila msaada wako na kipi kilibaki kichwani mwako.

“Majaribio ni mambo ya Wazungu”

Omar Said Bakor alikuwa na studio Lamu, akikata na kuunganisha picha, akiwachanganya watu na maumbo mengine kwenye chapa moja. Wateja walikuwa majirani zake, na walitoa pesa. Mteja anayetoa pesa mkononi na kesho mnakutana msikitini ni mkosoaji kuliko mimi.

“Nimekutumia WhatsApp, nipe maoni”

Sikosoi chapa kwenye simu. Karatasi haionekani, buluu inakuwa ya skrini yako, na picha imeshabanwa njiani. Ilete.

Jana usiku yule kijana amenitumia ujumbe, baada ya siku nne za kununa. Hakunisalimia. Aliandika tu: “Magadi kijiko cha chai au cha chakula?” Nikamjibu aanze na cha chai kwa lita moja ya maji, aandike muda wa kila karatasi nyuma kwa penseli, na Jumamosi aje nazo zote, pamoja na zilizoharibika. Na beseni anunue jingine.