Dona, sembe na sukari: utelezi ndio wenye kazi

Mtu akishaambiwa ana kisukari, ushauri wa kwanza kumfikia mtaani ni huu: acha sembe, hamia dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, kwa kuwa una nyuzinyuzi zaidi. Ushauri wenyewe si mbaya. Ubaya uko kwenye sababu zinazoambatana nao.

Dhana: nyuzinyuzi hunasa sukari na kutoka nayo chooni

Wanga wa ugali ni mnyororo wa glukosi. Vimeng'enya (kemikali za mwili zinazovunjavunja chakula) vya mate na kongosho huukatakata, kisha glukosi hupenya ukuta wa utumbo mwembamba na kuingia kwenye damu. Nyuzinyuzi hazikatiki kwa vimeng'enya hivyo, lakini pia hazibebi sukari kwenda nayo nje. Zinachoweza kufanya, tena baadhi yake tu, ni kuichelewesha. Karibu glukosi yote itaingia, ila kidogo kidogo, na insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, inapata nafasi ya kwenda nayo sambamba. Kwa hiyo mlima wa ugali ni mlima tu, uwe wa dona au wa sembe.

Dhana: nyuzinyuzi ni nyuzinyuzi, za nafaka yoyote

Hapa jaribu mwenyewe. Weka maji ya vuguvugu kwenye glasi mbili. Moja tia kijiko cha pumba za mahindi, nyingine kijiko cha oti. Rudi baada ya nusu saa, koroga, uache kidogo. Pumba zitatuama chini na maji yatabaki maji. Ya oti yatakuwa na utelezi, ukiyashika vidoleni unakumbuka mlenda.

Utelezi huo unatokana hasa na beta-glukani, iliyomo kwa wingi kwenye oti na shayiri. Chakula kinakuwa kizito, tumbo linachelewa kukimimina kwenye utumbo, vimeng'enya vinahangaika kuufikia wanga, na glukosi inachelewa kufika ukutani. Mwaka 2011 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya iliikubali hoja hiyo, kwa sharti la gramu 4 za beta-glukani kwa kila gramu 30 za wanga. Si kiasi cha kunyunyizia juu ya uji.

Pumba za mahindi na ngano sehemu kubwa haziyeyuki. Kazi yake kuu ni kulainisha choo, na aliyewahi kufunga choo siku nne hawezi kuidharau.

Dhana: rangi ya kahawia inatosha

Glukosi tupu hupewa alama 100, na vyakula vingine hupimwa dhidi yake kwa namna vinavyopandisha sukari ya damu. Katika majedwali ya kimataifa ya mwaka 2008, mkate mweupe una wastani wa 75. Wa ngano isiyokobolewa? 74. Kinu kilishaisaga punje, na vimeng'enya vinaukuta wanga mlango wazi. Uji wa oti za kawaida una 55, lakini wa oti za kukoroga papo hapo unafika 79, na nafaka ni ileile! Shayiri iliyochemshwa, ambayo punje zake hazikusagwa, ina 28.

Sasa rudi kwenye dona. Gramu 100 za unga wake zina takriban gramu 7 za nyuzinyuzi, pamoja na kiini chenye mafuta na vitamini ambacho kukoboa hukiondoa. Sababu hizo zinatosha kuichagua. Lakini nyuzi zake nyingi ni zile za kutuama, na mashine imeshaisaga ikawa vumbi. Uji wa ulezi nao, kikombe kikubwa, laini, na sukari vijiko viwili juu, hauwi dawa kwa sababu umeandikwa "lishe".

Ningeulizwa, ningetaja makande. Punje hazijasagwa, na maharage yana nyuzi zinazoyeyuka na hupandisha sukari polepole. Anayetumia insulini au vidonge asipunguze dozi kwa sababu hiyo. Apime sukari saa mbili baada ya kula, aandike, na daftari aende nalo kliniki.