Je, wajua kwa nini "bangi bandia" si bangi?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba bangi bandia ni THC tu, ile kemikali inayolevya iliyomo kwenye bangi, ila imetengenezwa maabara. Nilikosea. Itazame JWH-018, mojawapo ya zilizotangulia kuvuma. Molekuli ya THC ina atomu 21 za kaboni, 30 za hidrojeni na 2 za oksijeni. Naitrojeni haimo kabisa. JWH-018 ina kaboni 24, hidrojeni 23, oksijeni 1 na naitrojeni 1. Ukizichora pamoja, huoni undugu. Ndiyo maana kipimo cha kawaida cha mkojo kinachosaka mabaki ya THC hakiioni. Hata majani makavu ya kwenye pakiti kwa kawaida ni ya mimea mingine, yamenyunyiziwa kemikali isiyoenea sawasawa: kipande hiki kimeikosa, cha pili kimelowa.

Zinachoshiriki ni mahali pa kutua: kipokezi CB1, juu ya seli za ubongo. Hapa ndipo penye utamu. Fikiria mashua yenye viti 10 vya wapiga makasia, kila kiti kikiwa kipokezi kimoja. THC ni mpiga kasia anayevuta nusu nguvu. Jaza viti vyote 10, mashua bado itakwenda mwendo wa wastani, maana hakuna kiti cha kumwongeza mwingine. JWH-018 huvuta kwa nguvu zote, na hung'ang'ania kiti zaidi ya mara 4 kuliko THC. Viti ni vilevile, mwendo ni mwingine. Vipimo hivi vingi ni vya seli na wanyama wa maabara, lakini hospitalini watumiaji wa bangi bandia wamefikishwa wakiwa na degedege, moyo ukienda mbio, hata figo zikifeli.

JWH-018 ilitoka maabara ya John W. Huffman, Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, kwa ajili ya kuchunguza vipokezi hivyo. Mwishoni mwa 2008 ilikutwa Ujerumani katika pakiti za majani zilizouzwa kwa jina la Spice. Ujerumani iliipiga marufuku Januari 2009, Marekani Machi 2011, na mwaka 2015 ikaingizwa katika Jedwali la II, mojawapo ya orodha za mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili.

Lakini weka atomu moja ya florini kwenye ncha ya mkia wa molekuli ya JWH-018, umepata AM-2201, molekuli nyingine kwa jina na kwa sheria. Kwa hiyo Uingereza, Desemba 2009, haikutaja molekuli mojamoja. Ilipiga marufuku koo nzima za molekuli kwa kueleza umbo la viunzi vyake.