Programu huru si programu ya bure

Jumanne asubuhi kijana mmoja aliweka laptopu yake mezani kwangu, hapa mjini Mwanza, akaniomba nimpigie Debian, mfumo huru wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Nikamtajia bei: elfu ishirini. Akashtuka. "Fundi, si ni ya bure hiyo?" Mwezi huu ni mtu wa sita kuniambia hivyo, na huyo wa sita ndiye aliyenifanya niandike.

Kiswahili kimetupa maneno mawili mahali ambapo Kiingereza kina moja. Richard Stallman, mtunzi wa programu wa Marekani, alipotangaza mradi wa GNU wa kuunda mfumo huru wa kompyuta, Septemba 1983, aliita kazi yake "free", na tangu hapo hajaacha kueleza kwamba anazungumzia uhuru wa kusema, si bia ya kupewa. Wenzake wengine wakachoka, wakaazima neno "libre" kutoka Kifaransa na Kihispania. Sisi hatuhitaji kuazima kwa mtu. Tuna huru na tuna bure, halafu tunaokota lile lisilohusika! Na bure yetu ina ubaya wa ziada: kazi bure ni kazi iliyopotea, mtu bure ni mtu asiyefaa kitu. Ukisema "programu ya bure" umeishusha kabla hujaiwasha. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru, na hakuna aliyeuliza ni wa shilingi ngapi.

Watu hao hao wakitoka kwangu wanakwenda kupigiwa Windows iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli ya leseni. Hiyo ndiyo ya bure. Hujalipa, lakini huwezi kuona ndani yake kuna nini, hujui aliyeikraki kaongeza nini, na mara nyingi umeambiwa uzime antivairasi kwanza ndipo kreki ikubali. Nimesafisha mashine za namna hiyo mpaka mikono imezoea.

Programu huru ni ile unayoruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, kusoma msimbo wake (maagizo yaliyoandikwa na mtunzi wake) na kuubadili, kumgawia mwenzako, na kugawa hata ile uliyoibadili. Bei haimo humo. Leseni ya GPL, ya mradi ule ule wa GNU, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1989, inakuruhusu kabisa kuuza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hawakwenda kumpigia magoti mwenye programu ili lugha yetu iingie. Ruhusa ilikuwa tayari ndani ya leseni.

Sasa niwapeleke Mwaloni, Kirumba, maana huko ndiko nilikolielewa jambo hili vizuri kuliko nilivyolisoma.

Kuna kikundi cha kina mama wa dagaa wanaowekeana na kukopeshana. Walikuwa wamenunua programu ya mikopo kwa mtu, wakalipa hela halali. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, taa hazivuti samaki, mitumbwi inapumzika na hela haiingii. Programu ile ilihesabu marejesho kila wiki na kumpiga faini aliyechelewa, mwezi uwe angani au usiwe. Kina mama wakakaa kikao, wakapiga kura, wakakubaliana: siku za mbalamwezi hakuna faini. Katibu akampigia simu aliyewauzia. Jibu likawa: "Mama, mfumo hauruhusu."

Hebu soma tena jibu hilo. Kikao halali cha watu wazima, wenye hela yao, kimeamua kwa kura. Halafu kitu ambacho hakuna mwanakikundi anayeweza kukifungua kikasema hapana, na hapana hiyo ikashinda. Mwishoni mwa mwaka leseni ikaisha, na kumbukumbu za miaka minne zikabaki kwenye faili lililofungwa kwa namna ambayo mimi sikuweza kulifungua. Tukarudi kwenye madaftari ya kaunta. Wiki tatu mimi na mhasibu tulichapa upya, ukurasa kwa ukurasa, magamba ya dagaa yakiwa yamegandia kwenye karatasi na kung'aa kila tulipofunua. Mama mmoja alikuwa anatushushia chai bila kusema neno.

Mwaka 2021 Bunge letu lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tulifurahi, na tulistahili kufurahi, kwa sababu mtu hawezi kuwa huru chini ya sheria asiyoweza kuisoma. Lakini angalia mahali sheria za kila siku zilipohamia. Nani akopeshwe, nani akatwe, nani anyimwe: hayo sasa yanaamuliwa ndani ya programu. Hizo hazitangazwi kwenye Gazeti la Serikali. Mtu anayeniambia kwamba msimbo ni mambo ya mafundi tu, mimi simuelewi.

Yapo yanayonisumbua, na sitayaficha. Uhuru wa kusoma haumaanishi kwamba kuna anayesoma. Kosa la usalama liitwalo Heartbleed lilikaa ndani ya OpenSSL, programu huru inayolinda mawasiliano ya mtandaoni, miaka miwili, msimbo ukiwa wazi kwa dunia nzima, mpaka lilipotangazwa Aprili 2014. Debian wenyewe walipiga kura mwaka 2022 kuruhusu vipande visivyo huru viingie kwenye diski rasmi ya kusakinishia, ili Wi-Fi na kadi nyingine zifanye kazi. Ninavitumia kila siku, na sijui kama tulipatia. Na programu inayokaa kwenye seva ya mtu mwingine, kama ile inayoshika salio la simu yako, hata mfumo wako wote ukiwa huru, bado mwenye seva ndiye mwenye rungu. Hilo sina dawa yake.

Kina mama wale niliwaandikia programu ndogo kwa Python, lugha ya kuandikia programu, data ikakaa kwenye hifadhidata ya SQLite, nikaiweka chini ya GPL na kuwaachia msimbo wote kwenye flashi. Nililipwa, tena vizuri. Humo niliandika kwamba mapumziko ya mbalamwezi ni siku saba. Miezi kadhaa baadaye, nikiwa Sengerema kikazi, kikao kikaamua zifike tisa. Mtoto wa mhasibu, aliyekuwa anajifunza Python chuoni, akaufungua msimbo akabadili mwenyewe. Alikosea mahali, mwanachama mmoja akaongezewa faini ya shilingi elfu kumi na nne. Siku ya kikao wakalitafuta kosa hilo wote pamoja, msimbo ukiwa wazi kwenye skrini, yeye akiwaelezea kila mstari, na kabla ya jioni walikuwa wamelipata. Mimi nilisikia habari hizo niliporudi.